Kuandika insha ya uhakiki chuo kikuu: hatua kwa hatua kupitia swali moja la Kinjeketile

Mwanafunzi wa fasihi anayetoka kidato cha sita anafika chuoni akiijua njia moja ya kuchambua kitabu: fani na maudhui. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Njia hiyo ilimpa alama nzuri kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo anaibeba hadi kwenye asaimenti ya kwanza ya chuo, anajaza kurasa nane, na anarudishiwa karatasi yenye alama za wastani na maneno matatu ya kalamu nyekundu pembeni: "Hoja iko wapi?"

Swali hilo ndilo linalotenganisha uchambuzi wa sekondari na uhakiki wa chuo. Insha ya uhakiki inadai jambo moja kuhusu kazi ya fasihi, jambo ambalo msomaji mwenye akili timamu angeweza kulipinga, kisha inalitetea kwa ushahidi uliomo ndani ya kazi yenyewe. Mengine yote, wahusika, tamathali, mandhari, nadharia, yanaitwa kutoa ushahidi yanapohitajika. Yasipohitajika yanabaki nje, hata kama uliyakariri vizuri.

Nitatumia swali moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana maelekezo ya jumla husahaulika kesho yake. Kazi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Swali ni hili: "Kinjeketile ni mdanganyifu aliyewaponza watu wake." Jadili.

Kwa aliyeisoma zamani: watu wa upande wa Umatumbi na Rufiji wanakandamizwa na utawala wa Kijerumani. Kuna kazi za kulazimishwa shambani, kuna viboko, kuna mnyapara anayefanya atakalo na binti za watu. Makabila hayaaminiani. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji ya Hongo, pepo wa mtoni, pamoja na ahadi kwamba risasi hazitamdhuru atakayeyatumia. Watu wanaungana. Lakini katika maneno aliyoyatamka akiwa amepandwa na pepo limo moja linalomtisha baadaye: kwamba Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anaanza kuutilia shaka ujumbe wake mwenyewe, na wakati huo vita vimeshachukua mwendo wake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Hatua ya kwanza: livunje swali kabla ya kugusa kitabu

Chukua kalamu, piga mstari chini ya kila neno linalobeba mzigo. Katika swali letu yako matatu: mdanganyifu, aliyewaponza, na jadili.

"Mdanganyifu" ni tuhuma yenye masharti. Anayedanganya anaujua ukweli na anasema kinyume chake. Kwa hiyo insha italazimika kuuliza: Kinjeketile alijua nini, na alikijua lini? Hapo hapo umeshapata nusu ya kazi, kwa sababu jibu linabadilika kadiri tamthilia inavyosonga. "Aliyewaponza" ni tuhuma nyingine tofauti. Mtu anaweza kuwaponza wenzake bila kudanganya, na anaweza kudanganya bila kumponza mtu. Aliyetunga swali amezifunga tuhuma mbili kwenye kauli moja kana kwamba ni kitu kimoja, na mwanafunzi makini atazifungua. Wengi hawafanyi hivyo. Wanasoma "Kinjeketile" na "jadili", wanakimbilia kueleza kila wanachokijua kuhusu Kinjeketile.

"Jadili" inadai upime pande zaidi ya moja kisha uamue. Haisemi "orodhesha mema na mabaya kisha useme yote yana ukweli wake". Katika maswali mengine, "hakiki" na "tathmini" zinadai hukumu yenye vigezo. "Linganisha" inadai kazi mbili zikutane ndani ya aya ileile, siyo nusu ya kwanza kazi ya kwanza na nusu ya pili kazi ya pili. "Kwa kiasi gani" inadai kiasi: jibu la "ndiyo kabisa" au "hapana kabisa" huwa gumu kulitetea. "Fafanua" ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo kazi ambayo wanafunzi huifanya hata walipoombwa nyingine.

Hatua ya pili: soma mara mbili, kila mara kwa jicho lake

Usomaji wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujua kisa kinaishaje. Usiandike chochote. Tamthilia fupi kama hii inasomeka kwa jioni moja, na ukiisoma kwa mkupuo utaisikia kasi yake: jinsi kunong'ona kwa mwanzo kunavyogeuka kelele za vita.

Usomaji wa pili ni wa mtu mwenye swali mkononi. Sasa unaandika, na unaandika namba za kurasa palepale, maana kuzitafuta usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ni adhabu. Gawanya ukurasa wa daftari sehemu mbili. Kushoto andika maneno ya mhusika kama yalivyo, pamoja na ukurasa. Kulia andika kinachokushangaza kuhusu maneno hayo. Upande wa kulia ndio wenye thamani. Ukikuta kila unachokiandika kulia ni "hapa anaonyesha ujasiri" au "hapa kuna tashibiha", punguza mwendo, hujaanza kuhakiki.

Kwa swali letu, mambo manne yatakusimamisha ukiwa makini. Kwanza, tukio la mtoni: Kinjeketile anasema akiwa amepandwa, siyo akiwa na akili zake za kila siku. Pili, anavyoshtuka baadaye kuhusu Seyyid Said. Tatu, maneno yake kwamba mtu huzaa neno, neno likakua, likapata nguvu, likamshinda yeye aliyelizaa. Nne, mwishoni anapokataa kukana, analirudia lilelile wazo la neno lililozaliwa, ila safari hii kwa matumaini: watoto watawasimulia watoto wao, na wajukuu watalisikia.

Mwandishi aliyelirudisha jambo lilelile likiwa na uso mwingine hakufanya hivyo kwa bahati mbaya. Mrudio wa namna hiyo, neno lilelile likiwa laana huku na tumaini kule, ni mahali pa kuchimba. Dai lako liko hapo karibu.

Hatua ya tatu: andika dai kwa sentensi moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua alama. Kabla ya kupanga aya yoyote, andika dai lako kwa sentensi moja na ulipime.

Jaribio la kwanza la mwanafunzi huwa kama hivi: "Insha hii itajadili kama Kinjeketile ni mdanganyifu au la." Hilo ni tangazo la ratiba. Hakuna anayeweza kulipinga.

Jaribio la pili: "Kinjeketile ni shujaa aliyepigania uhuru wa watu wake." Limesogea kidogo, lakini ni maneno ya gwaride. Halitokani na tamthilia hii hasa. Ungeweza kulisema kuhusu Mkwawa au Kimathi bila kubadilisha herufi isipokuwa jina.

Jaribio la tatu: "Kinjeketile hadanganyi anapoleta maji, kwa sababu naye anaamini; hatia yake inaanza anapopata shaka na kuiacha ibaki siri ya wachache, na kukataa kwake mwishoni ni mara ya kwanza anapolichagua neno lake akijua gharama yake."

Hili linapingika. Mtu anaweza kusema kwamba kukataa kule ni ukaidi tu, au kwamba shaka ilikuwepo tangu mtoni. Linagawanyika lenyewe katika sehemu tatu ambazo kila moja inahitaji ushahidi: imani, shaka, uamuzi. Tena linaigusa kauli ya swali moja kwa moja: linakataa "mdanganyifu" kwa sehemu ya kwanza ya tamthilia, linaikubali kwa kiasi sehemu ya kati, na linauliza upya maana yake mwishoni.

Ukishaandika dai, lisome mbele ya mwenzako asiyesoma kozi yako. Akikuuliza "kwa nini unasema hivyo?", una insha. Akisema "sawa", rudi mezani.

Hatua ya nne: wengine wamesema nini

Sasa ndipo unakwenda maktaba, si kabla. Ukianza na wahakiki utajikuta unarudia maneno yao ukidhani ni yako.

Kwa kazi za Kiswahili, mahali pa kwanza pa kutafuta ni majarida: Mulika, Kiswahili na Kioo cha Lugha, yanayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum, linalochapishwa Ujerumani na linalopatikana bure kwenye intaneti. Tasnifu za uzamili zilizohifadhiwa maktabani husaidia pia, ingawa nyingine zimerudiana sana. Madesa yaliyonakiliwa steshenari mara kwa mara hadi herufi zikafifia hayafai kuwa chanzo. Hujui nani aliyaandika, na anayesahihisha huenda ameshayaona mara nyingi kuliko wewe.

Kuna habari moja ambayo kwa swali hili huwezi kuiacha. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu halisi, wa Ngarambe. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 na kuendelea hadi 1907. Yeye alinyongwa na Wajerumani mapema, Agosti 1905. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo, na Hussein aliandika wakati ambapo historia hiyo ilikuwa inatafitiwa kwa nguvu Dar es Salaam. Mwanafunzi akishajua hayo hushawishika kugeuza insha kuwa ya historia: sababu za vita, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, sababu za kushindwa. Asikubali. Hussein mwenyewe katika utangulizi wake anaonya kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu, na kwamba mchezo upimwe kwa kanuni za sanaa, historia isifanywe kipimo chake. Huhitaji kumtii mwandishi katika kila jambo, wapo wahakiki wanaoona kwamba mwandishi hana haki ya kutuamulia tumsomeje. Lakini ni lazima uonyeshe kwamba umemsikia. Habari ya historia iingie pale tu inapokusaidia kuona mwandishi amechagua nini.

Kuhusu nadharia, nitasema bila kuzunguka. Kurasa mbili za "Nadharia ya Umarx iliasisiwa na Karl Marx (1818–1883) na Friedrich Engels (1820–1895)", zikifuatwa na mihimili mitano, na baada ya hapo nadharia isionekane tena hadi hitimisho, ni kupoteza wino. Kama mhadhiri ameagiza utumie nadharia, iseme kwa aya moja, kisha ifanye kazi. Ukichagua Umarx, basi uliza kitu ambacho Umarx unakifanya kionekane: mbona wanaonyonywa shambani wanaungana chini ya imani na si chini ya njaa yao ya pamoja? Mbona yule mnyapara, mtu mweusi mwenzao, ndiye wanayemwona kila siku kuliko Mjerumani? Ukichagua ufeministi, angalia Bibi Kitunda na mwanawe Chausiku. Mateso ya binti ndiyo yanayowauma wanaume, lakini jiulize nani hasa anapewa nafasi ya kuyasema. Nadharia isiyokuonyesha kitu ambacho hukukiona mwanzo haijatumika.

Na akili mnemba. Programu hizi zinajua kupanga sentensi, lakini kwa fasihi ya Kiswahili zinaweza kukubunia mhusika asiyekuwepo, makala isiyowahi kuandikwa na nukuu yenye ukurasa wa uongo. Kama chuo chako kinaruhusu kuzitumia, zitumie kukuuliza maswali magumu kuhusu dai lako. Usizikabidhi ushahidi. Kila nukuu itoke kwenye kitabu ulichokishika.

Hatua ya tano: panga kwa mantiki ya dai

Mpangilio wa fani na maudhui unaanguka hapa wenyewe. Dai letu lina sehemu tatu, kwa hiyo insha ina sehemu tatu kubwa: imani, shaka, uamuzi. Taswira ya maji, lugha ya Kinjeketile, ukimya wake, na Kitunda rafiki yake vyote vitaingia, lakini kila kimoja kitaingia mahali kinapotetea jambo.

Ukiwa na maneno 2,000, utangulizi na hitimisho visizidi 350 kwa pamoja. Yanayobaki yatoshe aya nane au tisa. Sehemu ya shaka ipewe nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo ngumu na ndiyo yenye ubishi. Wanafunzi hugawa maneno sawasawa kama wanaogawa sukari ya mgawo, kumbe hoja hazilingani uzito.

Andika kila aya kwa sentensi moja kwenye karatasi, uzisome kwa mfululizo. Zikisomeka kama hoja inayokwenda mbele, mpangilio umesimama. Kama unaweza kubadilishana aya ya tatu na ya sita bila mtu kugundua, huna mpangilio, una orodha.

Hatua ya sita: aya yenyewe

Hapa ndipo uhakiki unapofanyika kweli, kwa hiyo tukae kidogo. Angalia aya hii ya kawaida:

"Kinjeketile ni mhusika mkuu katika tamthilia hii. Ni kiongozi shupavu, mwenye msimamo na anayewapenda watu wake. Vilevile ni mshirikina kwa sababu anaamini maji ya Hongo. Mwandishi amemtumia mhusika huyu kuonyesha dhamira ya ukombozi. Dhamira hii ina mashiko hata katika jamii ya sasa kwa kuwa nchi nyingi za Afrika bado zinahitaji ukombozi wa kiuchumi."

Hakuna kosa la sarufi. Lakini hakuna sentensi inayomlazimu msomaji kufungua kitabu. Sifa zimetajwa bila tukio, "mshirikina" imetupwa kama tusi bila kuulizwa, na sentensi ya mwisho imekimbia tamthilia kabisa. Ile ya "hata katika jamii ya sasa" ni mazoea ya sekondari. Chuoni iache, isipokuwa swali limekuomba.

Sasa aya hii:

"Tuhuma ya udanganyifu inamhitaji mtu anayejua ukweli na kuuficha. Katika tukio la mtoni, Hussein hatuonyeshi mtu huyo. Kinjeketile anapotoa ahadi ya maji yuko chini ya nguvu ya Hongo, na mwandishi anahakikisha kwamba hadhira inaiona hali hiyo kwa macho yake badala ya kuisikia ikisimuliwa. Ushahidi mkubwa zaidi unakuja baadaye, Kinjeketile anaposhtushwa na ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, ahadi iliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Mwongo hashtushwi na uongo alioutunga. Mshtuko huo unatulazimisha kukubali kwamba siku ile ya mtoni alikuwa msikilizaji wa maneno yake, sawa na watu waliomzunguka. Lakini mshtuko huohuo unafungua swali jingine: tangu alipoanza kushuku, je, bado ana haki ya kutoa maji?"

Aya imeanza kwa kutoa sharti, ikaenda kwenye tukio mahususi, ikasema kitu kuhusu namna tukio linavyoonyeshwa (tamthilia ni sanaa ya kuonekana, usisahau jukwaa), kisha ikatoa tafsiri inayotokana na ushahidi. Mwishoni haikujifunga, imemkabidhi msomaji kwa aya inayofuata. Kwenye insha halisi ungeweka nukuu moja fupi pale Kinjeketile anaposhtuka, pamoja na ukurasa. Nukuu iwe ya maneno machache unayokusudia kuyachambua. Nukuu ya mistari kumi ikifuatwa na "maneno haya yanaonyesha kuwa Kinjeketile alikuwa na mashaka" ni kumwachia msahihishaji kazi yako.

Kanuni ninayoishikilia: baada ya kila nukuu, maneno yako yawe angalau marefu mara mbili ya nukuu, na yaseme kitu ambacho nukuu peke yake haisemi. Chukua yale maneno kwamba mtu huzaa neno. Kwa nini kuzaa? Neno linalozaliwa si neno linalotungwa; mzazi hachagui sura ya mtoto, na mtoto akikua hamilikiwi. Hapo umeingia ndani ya lugha ya mwandishi, na dai lako limepata mguu wa kusimamia.

Hatua ya saba: mkaribishe mpinzani wako mwenye nguvu

Insha isiyo na mpinzani ni hotuba. Lakini usimtafute mpinzani dhaifu ili umwangushe kirahisi. Mpinzani mkubwa wa dai letu atasema hivi: mnazungumzia neno na matumaini ya wajukuu, lakini watu walikufa wakiamini risasi zitageuka maji. Makadirio ya vifo vya Maji Maji huanzia 75,000 ya Wajerumani wenyewe hadi 300,000 ya baadhi ya wanahistoria, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Mtu mwenye shaka asiyeitangaza ana deni kwa maiti hao, na kukataa kwake mwishoni hakulilipi.

Usilijibu kwa haraka. Kubali sehemu yake iliyo kweli: ndani ya tamthilia, shaka ya Kinjeketile haikufika kwa wapiganaji kwa wakati ambao ingewasaidia. Kisha onyesha tamthilia inafanya nini na tuhuma hiyo. Hussein angeweza kumfanya Kinjeketile asijue lolote hadi mwisho, awe mtu mwema aliyekosea tu. Amempa ujuzi, kwa hiyo amempa hatia. Na tazama anachoombwa mwishoni: aseme maji yalikuwa uongo, na anayeomba ni yule atakayeutumia ukweli huo kufundisha kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa upumbavu. Ukweli uliochelewa, ukisemwa kwa faida ya Mjerumani, haumwokoi aliyekufa. Kinjeketile anabaki na hatia ya kunyamaza mbele ya wenzake na anakataa kuongeza hatia ya kusema mbele ya adui. Unaona kwamba dai halikuvunjika, ila limelazimika kuwa sahihi zaidi? Ukifika hapa, rudi kwenye sentensi ya dai uliyoiandika uirekebishe. Dai la mwisho haliwi lilelile uliloanza nalo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Utangulizi na hitimisho

Utangulizi uandikwe mwisho. Usianze na "Tangu zama za kale binadamu amekuwa akitumia fasihi", wala na "Kwa mujibu wa TUKI (1981), neno hili lina maana ya…", isipokuwa kama fasili yenyewe ina ubishi. Wapo wahadhiri wanaosisitiza fasili ya istilahi; wape sentensi mbili uendelee. Taja kazi, taja tatizo lililomo kwenye kauli ya swali, toa dai. Sentensi tano au sita zinatosha.

Hitimisho lisirudie utangulizi kwa maneno mengine. Sema dai lililothibitishwa linatufanya tuisome upya sehemu gani ya tamthilia. Usitoe ushauri kwa serikali.

Marejeleo na usafi wa mwisho

Fuata mtindo ambao idara yako inautaka. Vyuo vingi hutumia APA. Ndani ya matini: (Hussein, 1969), na ukurasa wa chapa uliyoitumia, kwa kuwa chapa za baadaye zinaweza kuwa na kurasa tofauti. Wazo la mtu mwingine, hata ukilisema kwa maneno yako, linahitaji jina lake. Turnitin, programu ya kukagua wizi wa maandishi, hushika maneno yaliyofanana; haina uwezo mkubwa wa kushika wazo lililoibwa na kuvishwa nguo mpya, lakini mhadhiri aliyesoma makala hiyo atalitambua kwa sentensi mbili.

Achana na insha kwa siku moja ukimaliza, kisha isome kwa sauti. Masikio hukamata sentensi iliyopoteza njia, "ambapo" zilizofuatana tatu, na "hivyo basi" isiyofuata kutoka kokote. Futa "ni dhahiri kwamba" na "kwa hakika" kila unapozikuta. Mara nyingi zimewekwa mahali ambapo ushahidi ulipungua, na ukizifuta utaliona pengo. Lijaze kwa kurudi kwenye ukurasa wa tamthilia. Kisha hakiki majina ya wahusika moja baada ya jingine, weka namba za kurasa, chapisha na upeleke kabla foleni ya steshenari haijafika barabarani.